Ukurasa wa Watoto Uandikwe na Watoto



Tangu muhula huu uanze, kuna ombi moja ambalo limekuwa likinifikia kila mara. Limenifikia mlangoni asubuhi mnapowashusha watoto, limenifikia kwenye kundi letu la WhatsApp, na wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alinifuata hadi kwenye gari langu kunieleza. Ombi lenyewe ni kwamba ukurasa wa watoto katika jarida letu uondolewe, au kama utabaki, basi uandikwe na sisi walimu kwa niaba yao.

Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni makosa. Mtoto ameandika "kitabu yangu", mwingine ameandika "mbwa zangu zinapenda kucheza", halafu jarida linatumwa kwa shangazi Dar es Salaam au kwa babu Mombasa, wanacheka, na mzazi anaona haya. Sababu ya pili ni muda. Tunazo saa tatu tu kila Jumamosi. Wako wanaosema ni afadhali saa hizo zitumike kuwaandaa watoto kwa mtihani wa ule muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza sekondari hapa Maryland, Virginia na D.C., kwa kuwa huo una faida inayoonekana.

Sababu zote mbili ni za wazazi wanaojali, na mzazi anayejali hapuuzwi. Hata hivyo mimi sikubaliani na ombi hilo, na nawaomba mnipe nafasi niseme kwa nini. Mimi ni muuguzi, si mwanahistoria. Lakini nimekuwa nikisoma habari za chuo kimoja kidogo cha zamani kule Unguja, na kila nikisoma nawaona wanafunzi wetu wa Jumamosi. Kwa hiyo kabla sijarudi kwenye ukurasa wetu, naomba tusafiri kidogo.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu, alihamia Unguja akiwa na Padri Edward Steere. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa ingali inaendelea. Sultani Majid akamkabidhi askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Baada yao walikuja wengi wengine, hasa watoto waliokamatwa baharini pamoja na majahazi na manowari za Waingereza. Jahazi likishakamatwa, watoto waliomo waligawiwa kwa misheni mbalimbali. Wengine walipelekwa Bagamoyo kwa mapadri Wakatoliki, wengine, kuanzia mwaka 1875, walipelekwa Freretown karibu na Mombasa, na wengine walibaki Unguja. Wavulana waliobaki Unguja kwa UMCA waliwekwa Kiungani, ufukweni, kusini kidogo ya mji, na hapo ndipo kilipokua Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wasichana walikuwa na shule yao Mbweni, mbele kidogo ya hapo.

Shule yetu ina familia za Kiislamu na za Kikristo, na jarida hili ni la wote. Chuo cha Kiungani kilikuwa cha misheni, lakini simtangazii mtu dini kwa kukitaja. Wala sisemi kwamba maisha ya pale yalikuwa raha. Wale watoto hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Walipewa dini mpya, na wengi walipewa majina mapya. Wala Kiswahili hakikuanza kuandikwa pale. Watu wa pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani za zamani. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ni wa mwaka 1728. Watoto wa mjini Unguja walikuwa wakijifunza herufi katika vyuo vya Kurani kabla ya askofu yeyote kukanyaga pale. Kinachonivuta mimi Kiungani ni kitu kimoja tu, nacho ni kile wanafunzi wale walichofanya na lugha.

Siku ya mwanafunzi wa Kiungani ilikuwa na sala, masomo, kazi za mikono na michezo. Walisoma, waliandika, walifanya hesabu, na wakubwa walijifunza Kiingereza pia. Mpira wa miguu na kriketi walicheza, na wanaoandika historia ya mpira Zanzibar hukitaja chuo hicho miongoni mwa mahali ulipoanzia. Na chuoni palikuwa na mashine ya kupiga chapa, na walioifanyia kazi ni wanafunzi wenyewe.

Sijui kama vijana wetu wanaobonyeza simu kwa kidole gumba wanaweza kuwaza kazi ya kupiga chapa ilivyokuwa siku hizo. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi. Mpangaji alisimama mbele ya kisanduku chenye vyumba vyumba, akaokota herufi moja moja, akazipanga katika mstari, na alizipanga kinyume, kwa sababu karatasi ikigandamizwa juu yake ndipo maneno husomeka sawa. Neno kama "wakamwambia" lilikuwa kuokota mara kumi na moja. Huwezi kupanga neno usilolijua, wala huwezi kulipita haraka kama tunavyopita maneno kwa macho. Mwanafunzi aliyepanga ukurasa mmoja alikuwa amelishika kila neno la ukurasa huo kwa vidole vyake.

Sasa fikirini wanafunzi wale walikuwa nani. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, watu kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wengine kutoka makabila mengi ya bara. Mama aliyembemba mtoto wa Kiyao hakumwimbia kwa Kiswahili. Wengi walikutana na lugha hii njiani, katika msafara wa watumwa, au jahazini, au siku walipofika Unguja. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Kilikuwa lugha ya ugenini, na walijifunza wakiwa watoto wadogo waliopotezana na wazazi wao.

Sisi kila Jumamosi tunawaambia watoto wetu "mwacha asili ni mtumwa". Methali hiyo ni nzuri, nami huitumia. Lakini nikiwafikiria wale wavulana naona inataka kutumiwa kwa uangalifu. Wao hawakuacha asili, walinyang'anywa. Na lugha waliyoikuta mbele yao, iliyokuwa ya wengine, waliichukua wakaifanya yao. Waliifanyaje yao? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mwaka 1887 kilitoka kitabu huko London kiitwacho Kiungani. Mwalimu mmoja wa misheni, Arthur Cornwallis Madan, ambaye baadaye alijulikana sana kwa kamusi zake, aliwaomba wanafunzi waandike habari zao wenyewe: walikotoka, walivyokamatwa, walivyouzwa, walivyofika. Kisha yeye akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzichapisha. Ni kitabu cha maana sana, kwa sababu habari za utumwa mara nyingi zimeandikwa na watu wengine, na hapa waliosimulia ni watoto yaliyowakuta wenyewe. Lakini kitabu hicho kilitolewa kwa ajili ya nani? Kilitolewa kwa ajili ya Waingereza. Wanafunzi walisimulia machungu yao kwa watu wa mbali, kwa lugha ya watu wa mbali.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1888, hapohapo Kiungani kikatoka kitu kingine. Lilikuwa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Lilipigwa chapa chuoni na wanafunzi, na ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili popote duniani. Ndani yake zilikuwemo habari za chuo, habari za michezo, na habari kutoka vituo vya bara, ambako wanafunzi waliomaliza walikuwa wamepelekwa kufundisha. Wengine walikuwa Magila huko Usambara, wengine Masasi na Newala, wengine hadi Ziwa Nyasa. Mwaka ule ule pwani ya bara ilikuwa imewaka moto, maana ndio mwaka wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Msimulizi liliendelea kutoka kwa miaka kadhaa.

Yatazameni hayo mawili, kitabu cha 1887 na gazeti la 1888. Katika kitabu, kijana wa Kiungani alikuwa mtu anayeelezewa mgeni. Katika gazeti, alikuwa mtu anayezungumza na mwenzake. Aliyeko Masasi alitaka kujua mchezo ulikwendaje chuoni, na aliyeko chuoni alitaka kujua kaka yake wa Masasi anaendeleaje. Hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kuwaandikia. Ndugu zao walikuwa ni wao kwa wao, na gazeti ndilo lililokuwa baraza lao. Naamini hapo ndipo Kiswahili kilipokuwa chao hasa, pale walipopata ukurasa wao wenyewe na msomaji anayeungoja.

Turudi sasa kwetu, Silver Spring, Hyattsville, Alexandria na Woodbridge.

Watoto wetu nao wanaandika habari zao. Wakifika darasa la kumi na moja au la kumi na mbili, wanaambiwa waandike insha ya kuombea chuo kikuu. Wanaandika juu ya bibi, juu ya ugali, juu ya kambi ya wakimbizi ambayo baba alipitia, juu ya mama anayefanya kazi zamu mbili. Wanaandika vizuri sana, nimezisoma baadhi na zikanitoa machozi. Lakini zote ni kwa Kiingereza, na zote zinaandikwa kwa ajili ya mtu asiyewajua, ambaye atawapima na kuamua. Sisemi wasiandike. Waandike, wapate vyuo, wapate na ufadhili. Ninachouliza ni hiki: ukurasa ambao watoto hawa wanazungumza na watu wao uko wapi? Mahali ambapo bibi wa kwenye insha ndiye msomaji wa insha pako wapi? Kwa wengi wao, ukurasa huo ni mmoja tu, na ndio huu mnaotaka tuuondoe.

Hili kwangu si jambo la kupamba jarida. Kazi yangu ni ya wodini, na wengi mnajua nafanya zamu za usiku. Mara kwa mara tunapata wagonjwa wazee wanaozungumza Kiswahili, na ninapokuwapo huitwa niwasalimie. Mambo ya matibabu yana mkalimani wake, wa simu au wa video, na ndivyo inavyotakiwa. Mtoto hatumtumii kutafsiri ugonjwa wa bibi yake. Lakini saa za matibabu ni chache, na saa za kulala pale ni nyingi. Nimemwona kijana wa miaka kumi na tano amekaa kando ya kitanda jioni nzima. Bibi anaongea, kijana anaelewa kila kitu, unaona usoni kwamba anaelewa. Bibi akinyamaza kungoja jibu, kijana anatabasamu na kusema "ndiyo", kisha anarudi kwenye simu yake. Si kwamba hampendi, maana amekuja peke yake kwa treni kutoka shuleni. Hana tu mazoezi ya kutoa sentensi yake mwenyewe. Ameisikia lugha maisha yake yote, lakini hajawahi kuombwa kuitoa, na alipojaribu huenda mtu alicheka.

Watoto wengi wa shule yetu wako hapo alipo kijana yule. Wanasikia. Kusikia wamepewa na ninyi nyumbani, na kwa hilo mnastahili shukrani. Kutoa ndiko kunakowashinda, na kutoa hakufundishwi kwa kusikiliza zaidi.

Sasa niyajibu yale mawili.

Kwanza makosa. Ni kweli makosa yapo, na yataendelea kuwapo. Lakini tujiulize ni makosa ya nani na kwa kipimo gani. Mtoto anayeandika "kitabu yangu" mara nyingi ameiokota sentensi hiyo nyumbani kwa baba aliyekulia Nairobi au Bukavu, ambako watu wazima wenye akili zao husema hivyo sokoni kila siku na kuelewana. Darasani kwangu wako watoto wa Unguja, wa Kisumu, wa Goma, wa Bujumbura na wa Arusha, na hakuna wawili wanaosema sawa. Kiungani ilikuwa hivyohivyo, tena zaidi. Na kumbukeni kwamba Msimulizi lilipotoka mwaka 1888, Kiswahili Sanifu tunachokitumia kupimia watoto kilikuwa bado hakijawekwa. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyokuja kusanifisha iliundwa mwaka 1930, na lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi ni Kiunguja, ile ile ambayo Steere aliiandikia kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1870. Wale vijana hawakungoja sanifu ndipo waandike. Waliandika kwanza, na sanifu ikaja miaka arobaini na miwili baadaye.

Simaanishi kwamba sarufi haina kazi. Nitaendelea kufundisha ngeli hadi mnichoke. Lakini wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mtoto anayeona kosa lake limechapishwa, kisha toleo linalofuata akaandika "kitabu changu" bila kukumbushwa, huyo amejifunza kitu ambacho karatasi yangu ya mazoezi haikumfundisha kwa mwaka mzima. Na mtoto ambaye mwalimu au mama amemwandikia aya nzuri isiyo na doa amejifunza nini? Amejifunza kwamba Kiswahili chake hakifai kuonekana. Hilo ni somo baya, na halisahauliki upesi.

Kuhusu shangazi anayecheka, nami nasema acheni acheke. Shangazi anayecheka amesoma. Wangapi kati yetu tumetuma picha, kadi na video nyumbani, tukajibiwa kwa kidole gumba kilichoinuliwa, basi? Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliandika katika toleo lililopita kwamba theluji "ni baridi kama friji ya Mungu". Nyanya yake alipiga simu kutoka Tanga kuuliza friji hiyo ina ukubwa gani, wakaongea karibu nusu saa. Mama yake aliniambia hawakuwa wamewahi kuongea zaidi ya dakika mbili. Sijui mtihani upi ungeleta simu ile.

Pili ni muda na mtihani. Nautaka muhuri ule kwa watoto wetu kama mnavyoutaka ninyi. Lakini mtihani wa kupata muhuri hauulizi kama mtoto amekariri ngeli. Unamtaka asome, asikilize, azungumze na aandike. Kuandika kunapimwa kwa kuandika, na mtoto asiyewahi kuandika aya yake mwenyewe hataiandika siku ya mtihani kwa sababu tu tumemwombea. Kwa hiyo ukurasa wa watoto hauibi muda wa mtihani. Ni maandalizi ya mtihani ambayo watoto hawayakimbii.

Mtu anaweza kunijibu kwamba namlinganisha mtoto wa Maryland na mtu asiyelingana naye. Wale wa Kiungani waliishi chuoni, Kiswahili kiliwazunguka tangu asubuhi hadi usiku, wala hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana wote. Wetu wana saa tatu kwa wiki, na wakitoka nje ya mlango Kiingereza kinawangoja. Nakubali kabisa, tofauti ni kubwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutozitumia saa hizo kidogo kumsikiliza mwalimu akiongea. Mwenye maji machache huyapeleka kwenye shina. Na kwa kuwa watoto wetu hawalazimiki kutumia Kiswahili ili waelewane, ni lazima tuwape sababu nyingine ya kukitumia. Sababu nzuri kuliko zote ninayoijua ni kuwa na mtu anayengoja kusoma ulichoandika.

Basi napendekeza tufanye hivi, na nimekwisha kumweleza mratibu wetu.

Ukurasa wa watoto usiondolewe. Uongezwe uwe kurasa nne. Watoto wakubwa, wa darasa la saba na kuendelea, wachague mhariri wao kila muhula, nao wenyewe wakusanye habari, wachape kwenye kompyuta, wapange kurasa, wachague picha, na wagawe nakala mlangoni. Mwalimu asahihishe pale tu ambapo msomaji hataelewa, na masahihisho mengine amwonyeshe mtoto kando, si kwenye ukurasa. Tuwe na habari za michezo, maana timu yetu ya mpira ya Jumamosi inacheza na hakuna anayeandika ilifungwa na nani. Tuwe na habari za chakula, za safari za likizo, za wadogo waliozaliwa na wazee waliofariki. Na tuwe na sehemu ya barua za waliomaliza. Wako vijana waliopita katika shule hii ambao sasa wako vyuo vikuu, wako jeshini, wako kazini Texas na Minnesota. Waandikieni waambieni wanasubiriwa, kama vile waliokuwa Masasi na Magila walivyosubiriwa Kiungani.

Kwenu wazazi nina maombi matatu. La kwanza, msimwandikie mtoto. Akiuliza neno, mpeni neno, si sentensi. La pili, jarida likifika, mlisome kwa sauti mezani, na mtume picha ya ukurasa kwa yule aliyetajwa ndani yake. La tatu, mkiona kosa, mngoje mpaka mtoto amalize kufurahi ndipo mseme, na mkisema, semeni mkiwa wawili tu.

Na kwenu wanafunzi, kwa kuwa najua wakubwa wenu mnasoma jarida hili ingawa mnajifanya hamsomi: wale vijana wa Kiungani hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa wa umri wenu. Walicheza mpira na kuingia darasani kama ninyi. Wametutangulia kwa zaidi ya miaka 130, na lugha hawakuzaliwa nayo. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza waliotoka jahazini, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, ambaye naye alipitia Kiungani baada ya kuokolewa utumwani, alikuwa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile mwaka 1890. Chuo chenyewe kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920, na shule ya Minaki ipo hadi leo. Lakini mimi nikiwafikiria, huwa siwafikirii hao waliopata vyeo. Namfikiria yule asiyejulikana jina, aliyesimama mbele ya kisanduku cha herufi akaokota m, s, i, m, u, akijua kwamba neno likikamilika kuna mwenzake mahali fulani atalisoma.

Kila mmoja wenu ana mwenzake huyo. Kwa wengine ni bibi, kwa wengine ni binamu wa Kampala, kwa wengine ni rafiki anayekaa dawati la nyuma yake hapahapa.

Jumamosi ijayo kila mwanafunzi alete nusu ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, juu ya jambo lolote lililotokea wiki hii. Makosa yanaruhusiwa. Kunakili kutoka kwa mama hakuruhusiwi, na mimi nawajua mama zenu wanavyoandika. Sanduku litakuwa juu ya meza karibu na chai.